Kanyaga, Shikilia, Achia

Kufikia Jumatano, Rolene Stoops alikuwa amekanyaga breki za gari lililosimama kwa siku nne mfululizo, na goti lake la kulia lilikuwa linamwambia maneno ambayo yeye, mtu wa kanisa tangu utoto, asingethubutu kuyatamka.

"Kanyaga," mumewe aliita kutoka chini ya gari.

Akakanyaga.

"Shikilia."

Akashikilia. Spana ikalia kule chini, nati ikafunguka, na kanyagio likazama taratibu chini ya kiatu chake mpaka likagusa sakafu.

"Limegusa?"

"Limegusa."

"Usiachie! Ukiachia kabla sijafunga, linavuta upepo tena."

"Sijaachia, Verlin. Nina miaka sitini na tisa, si mitatu."

"Haya, nimefunga. Achia."

Akaachia, akajaribu tena kidogo kwa ncha ya kiatu. Kanyagio lilikuwa laini vilevile, kama kukanyaga mkate uliolowa maji. Hakumwambia. Alikuwa amemwambia mara nyingi mno tangu Jumapili, na kila alipomwambia alimsikia akianza upya na gurudumu la kwanza.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, hilo kila mtu wa Pruett, Indiana, analijua. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine analala chini na spana, na kati yao hakuna mazungumzo zaidi ya hayo maneno matatu. Mchungaji mwenye akili angewapa wachumba kazi hii kabla ya kuwafungisha ndoa, na wengi wangerudi kwa mama zao kabla hawajafika gurudumu la pili. Verlin na Rolene walikuwa wameoana miaka arobaini na minne na walishayapita hayo. Walichobakiwa nacho ni uchovu tu, na uchovu haugombani na mtu, unakaa naye.

Gari lenyewe lilikuwa Chevelle ya mwaka 1968, la buluu, lenye injini ambayo ikiwashwa vikombe vinatetemeka kabatini kwa jirani. Magari ya enzi zile yalijengwa ili yaende. Kusimama lilikuwa jambo la dereva na Mungu wake. Verlin aliliendesha hivyo hivyo nusu ya maisha yake, na breki zake za zamani, bila kulalamika. Halafu, mwezi Mei uliopita, akatangaza kwamba breki hizo zitamuua, akazing'oa zote nne, na kwenda kwenye yadi ya magari mabovu kufungua breki za Corvette ya juzijuzi tu, iliyokuwa imekula maji ya mafuriko mpaka kwenye viti. Diski zake zilikuwa pana kama sinia la kulishia harusi. Rimu za zamani hazikuweza kuzifunika, ikabidi nazo zing'oke ziletwe nyingine kubwa. Vile vishikizo vya kufungia breki kwenye gari ambalo halikuzijua, Verlin alivichonga mwenyewe kwa mkono. Alikuwa mchonga vyuma wa kiwanda cha gia kwa miaka thelathini na saba, mpaka kiwanda kilipofungwa, na vishikizo vile vilikuwa safi kiasi kwamba Rolene aliwahi kumkuta akivitazama tu, kikombe cha kahawa mkononi, kahawa imepoa.

Sababu ya yote haya ilikuwa ile Jumamosi ya Mei.

Walikuwa wanarudi kutoka kwa rafiki yao Orrin Tuttle, kula nyama za kuchoma. Kwenye makutano ya barabara ya makaburini kuna kibao chekundu cha kusimama, kipo pale tangu kabla hawajazaliwa. Chevelle ilikipita kwa maili arobaini kwa saa. Rolene alipiga ukelele, na papo hapo lori la tangi la maji, lile la wapanda mahindi, likakatiza nyuma yao karibu kiasi kwamba aliyaona meno ya dereva. Ndipo Verlin akakanyaga. Gari lilikwenda kusimama mbali sana, kwenye nyasi za mtaroni.

"Breki zimeniacha!" Verlin alisema, uso umekuwa mweupe. "Umeona? Kanyagio limekwenda mpaka chini!"

Jioni ile alimsimulia Orrin kwa simu. Jumapili alimsimulia mchungaji. Jumatatu aliusimulia mgahawa mzima, na kila mtu akatikisa kichwa akisema hizo breki za zamani, loo, wewe bahati yako. Kufikia mtu wa nne hivi, maneno yale yalikuwa yamekuwa kweli.

Ila siku ile garini Rolene alikuwa akiutazama mguu wa Verlin. Hakuwa na sababu. Alikuwa ameinama kuweka sawa bakuli la saladi lililobaki, lililokuwa sakafuni, na mguu wa mumewe ulikuwa pale mbele ya macho yake. Mguu ule ulikuwa kwenye kanyagio la mafuta, umetulia, wakati Verlin akisimulia habari za nyanya za Orrin. Haukusogea hata Rolene alipoinua macho na kuona kibao kinawapita. Ulisogea yeye alipopiga ukelele, na si kabla.

Alikuwa muuguzi wa nyumba ya wazee kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua alichokiona. Baba yake Verlin alifia kwenye nyumba hiyo hiyo, akimwita Rolene kwa jina la farasi. Lakini kujua ni jambo moja, na kufungua mdomo ni jingine, na Rolene alijitia hamnazo. Mtu yeyote anaweza kupitiwa, alijiambia. Kwenye lile gari dogo la kwendea dukani akaanza kusema kwamba akikaa pembeni anachefukwa, bora aendeshe yeye, na Verlin akampa ufunguo bila neno. Chevelle ilikuwa juu ya mawe, haina breki, haiendi popote. Na Verlin alikuwa anapiga mluzi gerejini. Tangu kiwanda kifungwe Rolene hakuwahi kumsikia akipiga mluzi. Akamwacha.

Sasa ilikuwa Oktoba, kila kitu kimefungwa, na kilichobaki ni upepo. Upepo ukitoka gari linashuka chini, na likishuka Verlin anaingia barabarani. Rolene aliamka na wazo hilo kila asubuhi, akalala nalo.

"Niletee kitambaa, Ro," Verlin aliita siku ile ya Jumatano. "Na unishikie taa, huku gurudumu la kushoto."

Rolene akashuka, akatembea kama mtu anayevuka mto, akapiga magoti kwa awamu. Alielekeza taa. Diski ilikuwa inang'aa, na juu yake limekaa lile pande la chuma linaloibana, ambalo mafundi wanaliita kalipa. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani ulitoka kwenye nati ya kutolea upepo mpaka kwenye chupa ya mtindi iliyojaa mafuta ya breki.

Nati ile ilikuwa upande wa chini wa kalipa.

Rolene aliitazama. Akakumbuka sindano, maelfu ya sindano. Unaigeuza ncha juu, unaigonga kwa ukucha, upepo unapanda, unausukuma nje. Ukiielekeza chini utasukuma dawa yote mpaka iishe na upepo utabaki umekaa humo ndani raha mustarehe.

"Umeganda nini?" Verlin alimuuliza.

"Goti," alisema Rolene.

Akashika taa mpaka mwisho, kisha akaingia ndani kukoroga chili, mchuzi wa nyama na maharage, kwa chakula cha mchana. Alikoroga kwa muda mrefu kuliko chili inavyohitaji. Hakusema kitu, na aliona aibu, na pamoja na aibu ile aliona nafuu, maana Mungu mwenyewe alikuwa amempa siku chache zaidi.

Alhamisi Orrin Tuttle alikuja na boksi la donati. Orrin ni mkaguzi wa maonyesho ya magari ya zamani, mmoja wa wale wanaotazama mpaka alama za chaki za kiwandani, na kwake yeye kubadilisha hata skrubu moja ya gari la 1968 ni dhambi inayohitaji toba. Alizunguka Chevelle mikono mfukoni.

"Umemvisha bibi kizee viatu vya mpira wa kikapu," alisema.

"Kaa kimya ukanyage breki," Verlin alimjibu.

Orrin akaingia, akakanyaga, akatoa macho. "Ee bwana. Hii ni breki au ni tumbo la shemeji yangu?"

"Najua ni laini. Nakuuliza kwa nini."

"Badilisha pampu."

"Nimebadilisha. Mara mbili."

"Mipira inavuja."

"Haivuji. Nimeipangusa kwa karatasi nyeupe, kavu kama mahubiri yako."

"Basi sijui. Mimi magoti yangu hayashuki huko chini tena, ningekuangalizia." Orrin alilamba sukari vidoleni. "Wewe ulikuwa hushindwi na kitu, Verlin. Kule kiwandani ulikuwa unasikiliza mashine kwa sikio tu unajua imeumwa wapi. Tunazeeka, ndugu yangu."

Alisema kwa utani, kama anavyosema kila kitu, na Verlin akacheka. Lakini Rolene, aliyekuwa mlangoni na birika la kahawa, aliona namna kicheko kile kilivyoishia. Aliona pia vipande vya karatasi ya gundi vilivyobandikwa kwenye mbawa za gari, vyenye mwandiko wa Verlin. *Kwanza nyuma kulia. Funga nati kabla hajaachia. Jaza mafuta juu.* Kazi ambayo ameifanya tangu ana miaka kumi na mitano, sasa anaiandika.

Ijumaa Verlin hakwenda gerejini mpaka saa sita mchana. Alikaa mezani, akageuza gazeti, akaligeuza tena.

Jumamosi Rolene alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na gurudumu la kushoto, spana imelala mapajani.

"Nije nikanyage?" aliuliza.

"Acha. Umechoka."

"Nimechoka tangu mwaka themanini na mbili. Nije?"

Verlin hakucheka. "Nimehesabu jana usiku. Vitu vyote ninavyovijua kuhusu breki. Nimevifanya vyote. Ama kuna kimoja nilikuwa nakijua na kimeondoka." Alijigonga paji la uso kwa kidole cheusi. "Mzee wangu alianza hivi, Ro. Alianza kwa kushindwa kufunga geti lake mwenyewe. Nampigia Orrin Jumatatu, alichukue gari. Alirudishie breki zake za zamani awe na raha."

Hapo ndipo Rolene alipopata alichokuwa anakiomba. Angekaa kimya dakika moja tu zaidi, Chevelle ingetoka uani juu ya trela na asingeiona tena, wala asingelala tena usiku akisikia lori la tangi. Ilikuwa imekwisha, na yeye hakuinua hata mkono.

Akamtazama mtu wake juu ya ndoo. Alikuwa amevunjika moyo kabisa, na kwa jambo ambalo si la kweli. Mikono yake haikuwa imesahau kutoa upepo. Rolene aliona kwamba kama ni lazima Verlin alie, basi alie kwa kitu cha kweli, si kwa nati.

"Verlin," alisema. "Upepo unapanda juu."

"Nini?"

"Kwenye sindano. Tulikuwa tunaelekeza ncha juu ndipo upepo utoke. Hizo nati zako zimeangalia chini. Upepo umekaa juu yake, unakutazama tu."

Verlin alimwangalia. Kisha akashuka kwenye ndoo, akalala kifudifudi kwenye saruji kama mtu wa miaka ishirini, akachungulia. Halafu likatoka neno ambalo Rolene alilisamehe hapo hapo.

"Zimeandikwa!" alipiga kelele kutoka chini. "Hii imeandikwa kushoto, nikaifunga kushoto. Ile imeandikwa kulia, nikaifunga kulia. Nimefuata maandishi kama mtoto wa shule! Kwenye Corvette kalipa inakaa nyuma ya ekseli, Ro, na mimi vishikizo vyangu vimeiweka mbele. Imegeuka kichwa chini miguu juu! Ya kushoto inatakiwa kulia, ya kulia kushoto!"

"Kwa hiyo ni kubadilishana tu."

"Ni kubadilishana tu!" Alitoka chini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka, machozi yanamtoka. "Wiki nzima! Na yule mpumbavu Orrin na donati zake!"

"Orrin angefunga moja mbele na moja nyuma."

Verlin hakumuuliza ameliona lini, na Rolene hakujitolea kusema. Walifanya kazi mpaka alasiri. Kanyaga, shikilia, achia. Kwenye chupa ya mtindi upepo ulitoka kwa mapovu makubwa, kisha madogo, kisha mafuta matupu. Mara ya mwisho Rolene alipokanyaga, kanyagio lilishuka kidogo tu, likagoma. Akalisukuma kwa nguvu zote za mguu wake mbovu. Likagoma.

"Gumu?" Verlin aliuliza, sauti ndogo.

"Gumu kama jiwe."

Akamkumbatia kupitia dirishani na mikono yake yote ya mafuta, akaiharibu blauzi yake. Rolene alimshika kichwa. Alifurahi kwa ajili yake na aliogopa hapo hapo, na hakuweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Jumapili, baada ya ibada, walilipeleka gari kuzoesha pedi za breki. Pedi mpya hazishiki vizuri mpaka zipate moto pamoja na diski zake. Unakwenda maili arobaini, unakanyaga kwa nguvu mpaka karibu usimame lakini usisimame, unaondoka tena, mara kumi. Kisha unaendesha pole pole bila kusimama ili zipoe. Ukisimama na kuzikandamiza zikiwa za moto, zinaacha alama kwenye diski na kazi yote inaharibika.

Kuna barabara nyuma ya maghala ya mahindi, maili mbili zimenyooka, na mwisho wake ni lundo la kokoto la idara ya barabara na kizuizi cha mbao chenye mistari ya njano. Mahindi yalikuwa yamevunwa, unaona mpaka upeo wa macho, hakuna mtu wala mbwa.

"Wewe hesabu nguzo za umeme," Verlin alisema. "Kila ya nane, sema 'sasa'. Mimi niangalie mwendo."

Akaondoka. Injini ilinguruma, mashamba makavu yakaanza kukimbia pembeni.

"Sasa," alisema Rolene.

Breki zikashika. Mikanda iliwabana vifuani, na gari likatulia chini bila kuyumba, kama mkono umelishika kwa nyuma.

"Hallo!" Verlin alipiga usukani kofi. "Umeona? Umesikia hilo?"

"Nimesikia kwenye mbavu."

"Sasa," mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne harufu ya pedi ilianza kuingia ndani, kali, na Verlin akasema ndiyo harufu yenyewe, wacha ije. Mara ya tano alianza kusimulia habari za trekta ya baba yake, ile isiyokuwa na breki kabisa, waliyokuwa wakiisimamisha kwa kuigongesha kwenye robota za majani. Rolene alihesabu, akasema sasa, mguu ukakanyaga. Verlin aliendelea na trekta.

Mara ya sita aligundua kwamba mumewe haangalii mwendo. Alikuwa anaangalia mashamba. Mara ya saba aliuangalia mguu. Ulikanyaga hapo hapo neno lilipomtoka mdomoni, haraka na kwa uhodari, mguu wa kijana. Lakini ulikuwa unangoja neno. Kichwa kilikuwa kwenye trekta, na mguu ulikuwa kwa Rolene.

Wakaondoka mara ya nane. Mbele yao barabara iliisha waziwazi, lundo la kokoto, kizuizi, mistari ya njano. Mtu yeyote mwenye macho angekiona kutoka nusu maili. Rolene alihesabu nguzo. Sita. Saba. Alikuwa amechoka kuliko siku yoyote ya zamu zake za usiku, amechoka kujua peke yake, na alitaka kwa moyo wake wote awe amekosea.

Nane. Akanyamaza.

"...na mzee akaruka," Verlin alikuwa akisema, "akaiacha trekta ikimbie yenyewe, nakwambia kuku walitawanyika..."

Tisa. Mguu kwenye mafuta. Kizuizi kikakua. Macho ya Verlin yalikuwa mbele, yamefunguka, yanakitazama. Kumi.

"Verlin!"

Akakanyaga. Rolene alitupwa kwenye mkanda mpaka pumzi ikamtoka. Matairi yalilia mara moja tu, gari likasimama limenyooka, na ungeweza kuegemea boneti ukakigusa kizuizi kwa mkono. Breki za zamani zingewazika ndani ya kokoto.

Moshi mwembamba ulipanda kutoka kwenye magurudumu ya mbele.

"Toa mguu," Rolene alisema. "Zitaacha alama."

Verlin akauondoa mguu, akatoa gia. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Umenyamaza," alisema.

"Nimenyamaza."

"Kwa makusudi."

"Kwa makusudi. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

Verlin aliitazama mistari ya njano, karibu kiasi kwamba misumari ilionekana. "Zimeshika vizuri," alisema.

"Zimeshika vizuri sana. Indiana nzima hakuna aliyefunga breki kama hizi."

"Kanyagio halikwenda chini."

"Halikwenda."

"Na Mei..." Alilitazama kanyagio. "Mei halikwenda chini pia."

"Mei hukukanyaga, Verlin. Nilikuwa nauangalia mguu wako."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Alikuwa mtu wa kupima vyuma maisha yake yote, na kipimo kikishatoka hakuwahi kubishana nacho. "Miezi mitano," alisema. "Umekaa humu ndani unakanyaga, unashikilia, na unajua."

"Ulikuwa unapiga mluzi." Sauti ikamkatika Rolene, akaanza kulia, bila kujificha. "Ulikuwa unapiga mluzi na mimi sikuwa na nguvu ya kukunyang'anya. Nimechoka, Verlin. Nilikuwa nasali hizo breki zisipone."

Verlin alimshika mkono.

"Nilikuwa nakiona," alisema. "Hicho kizuizi. Nilikiona muda wote. Ila hakikuniambia kitu. Naogopa, Ro."

"Na mimi naogopa."

"Mpigie daktari kesho. Usimwambie Orrin."

"Orrin atasema ni pampu."

Kicheko kidogo kilimtoka Verlin, kikaishia njiani. Kisha akapangusa uso kwa mkono wa shati na kuchungulia moshi dirishani, na fundi ndani yake akaamka hata pale.

"Haziwezi kukaa hivi, zitaharibika. Lazima gari liende." Akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari akipita kwenye ile nafasi nyembamba kati ya boneti na kizuizi, akaja upande wa Rolene. "Sogea huko. Zimebaki mbili."

Rolene alisogea. Kiti kilikuwa mbali mno, akakivuta. Alirudisha gari nyuma, akaligeuza, na njiani akakanyaga mara ya tisa na mara ya kumi, kila mara mapema kuliko ilivyohitajika, na kila mara Verlin akasema, "Vizuri. Hivyo hivyo," kwa sauti ya upole aliyokuwa akiwafundishia vijana wa kiwandani.

Walipofika kwenye barabara kuu, pedi zilikuwa zimepoa. Rolene akasimama. Verlin aliinama mbele, akaangalia kushoto kwa makini, akaangalia kulia.

"Kweupe," alisema. "Nenda."

Rolene akaangalia tena mwenyewe, pande zote mbili, kabla ya kwenda. Verlin alimwona akiangalia. Akaegemea kiti, akafunga mkanda wake vizuri, na kumwachia barabara mpaka nyumbani.